Nimelipa Kuonyeshwa Mji Nilikozaliwa: Siku Moja ya Baiskeli Tanga

Mtu aliyezaliwa Hospitali ya Bombo, akakulia Makorora na kusoma mjini Tanga mpaka kidato cha nne, kisha akatoa shilingi elfu themanini mfukoni mwake ili yeye na mkewe waonyeshwe Tanga, hana budi kujieleza. Ndugu zangu wamekwisha kunidai maelezo hayo mara kadhaa, wengine kwa kicheko kisicho na adabu, na shangazi yangu alifika mbali akauliza kama Dar es Salaam imenisahaulisha njia ya nyumbani. Naandika tathmini hii kwa sababu huduma yenyewe ni nzuri na inastahili kujulikana pamoja na kasoro zake, na pia kwa sababu nimechoka kujieleza kwa mtu mmoja mmoja.

Kisa kilianzia ndani ya basi. Mke wangu ni Mhaya wa Bukoba, na wanaowafahamu Wahaya hawahitaji kuambiwa kwamba nyumbani kwetu mjadala wa kwa nani ni bora kuliko kwa mwenzake una umri sawa na ndoa yenyewe. Tangu tulipopita Segera nilikuwa nikiusifu mji wangu bila kupumua, na tulipofika Muheza, wauza machungwa walipoyazunguka madirisha ya basi, nilimwambia kuwa chungwa ambalo halikutoka Muheza ni ndimu iliyokosa malezi. Alilimenya, akalila, akakubali. Kisha akaniuliza maswali matatu kwa upole ule ambao mtu aliyeoa huufahamu na kuuogopa: kwa nini barabara za mtaa wetu wa Ngamiani zina namba badala ya majina, ngamia wa hiyo Ngamiani walikwenda wapi, na ile kauli yetu ya "waja leo waondoka leo" ni fahari au ni malalamiko. Nilijibu maswali yote matatu papo hapo. Majibu yote matatu niliyatunga kati ya Muheza na Pongwe, naye alijua.

Jioni ile ile, mpwa wangu alinipa namba ya simu ya kijana anayetembeza wageni mjini kwa baiskeli. Kijana huyo hana ofisi wala kibao cha barabarani, nami sikumwomba ruhusa ya kulitangaza jina lake, kwa hiyo hapa nitamwita mwongozaji wetu, na anayemhitaji atampata kwa kuuliza katika nyumba ya wageni yoyote ya katikati ya mji, kama wanavyofanya wengine. Bei yake ilikuwa shilingi elfu arobaini kwa kila mtu kwa siku nzima, ikijumuisha baiskeli na maji ya kunywa, bila chakula wala viingilio. Nusu ya malipo hutumwa mapema kwa simu. Nilimficha kwamba mimi ni mwenyeji, nikazungumza kwa lafudhi ya Tabata na kujifanya nashangaa kila kitu, kwa nia isiyo njema sana ya kumpima.

Tulikubaliana kuanza saa moja na nusu asubuhi, naye akafika saa mbili na robo. Kwa Tanga, ambako jua la saa nne halina mzaha na mtu, dakika arobaini na tano za asubuhi si jambo dogo, na hii ndiyo kasoro ya kwanza ninayoiandika. Alileta baiskeli tatu: yake mwenyewe, moja ya gia kwa ajili yangu, na Phoenix ya kike, nzito kama mlango wa msikiti, kwa ajili ya mke wangu, ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la sita. Kofia za kujikinga hazikuwapo. Nilipouliza, mwongozaji alinitazama kwa mshangao wa kweli, akaonyesha barabara kwa mkono: mwanamke aliyevaa baibui alikuwa akipita kwa baiskeli, mtoto akiwa kwenye keria na fungu la mchicha likining'inia kwenye usukani, akiitikia salamu za watu wawili kwa wakati mmoja bila kupunguza mwendo. Hoja yake niliielewa, ingawa kofia bado ningezitaka.

Sehemu ya kwanza ya safari ni majengo ya kando ya bahari, na hapo sitakaa sana kwa sababu yeye mwenyewe hakukaa. Alitupitisha kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho ya Urithi na lina picha za kale zinazostahili saa nzima badala ya dakika ishirini tulizopewa. Kwenye mnara wa saa. Na kwenye maktaba ya mkoa, iliyowahi kubeba jina la Mfalme George wa Sita. Katika vituo hivi alizungumza kama mwanafunzi anayetoa shairi mbele ya mkaguzi, akiwahi kufika mwisho kabla hajasahau. Alituonyesha pia kile kisiwa cha ndani ya ghuba ambacho tangu utoto nimekiita Toten bila kujiuliza, akatueleza kuwa jina hilo ni la Kijerumani na maana yake inahusu wafu. Miaka yote niliyokuwa nikirusha mawe kuelekea kisiwa kile, hakuna aliyeniambia kwamba ninakipiga mawe kisiwa cha marehemu.

Aliponitikisa kweli ni Bombo. Pale juu ya genge linaloitazama bahari pamesimama jengo la kale la ghorofa ambalo wenyeji huliita Cliff Block, na mwongozaji akaeleza kuwa Wajerumani walilijenga liwe hospitali, wakachagua genge lile kwa ajili ya upepo, na kwamba hospitali ya mkoa ya leo ilikua pembeni yake. Mimi nilizaliwa hatua chache tu kutoka pale. Nimepelekwa pale kwa malaria, kwa mkono uliovunjika na kwa jino, na katika miaka yote hiyo nililiona jengo lile kama mtu anavyouona mwembe wa jirani. Mke wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini alikuwa na huruma ya kutosha kunyamaza.

Katika habari za vita ya Novemba 1914 kijana huyu aliamka. Kwa wasioifahamu, Waingereza waliteremsha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India upande wa Raskazone, wakitarajia kuuchukua mji kwa wepesi, wakakabiliwa na askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika, na baada ya siku chache za mapigano wakarudi melini wakiacha silaha nyingi na risasi 600,000 ufukweni. Katikati ya mapigano nyuki walitibuliwa mizingani mwao na kuwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili, na ndiyo maana Waingereza wenyewe waliyaita mapigano hayo kwa jina la nyuki. Mwongozaji wetu alilisimulia jambo hili kana kwamba nyuki wale walikuwa mashabiki wa Coastal Union waliokaa jukwaa la Mkwakwani na kumwona mwamuzi akikataa bao halali. Alikwepa kwa mwili, akapiga kelele za nyuki, akaanguka kwa niaba ya Waingereza. Mke wangu alicheka mpaka akaegemea usukani. Nilimsahihisha kimoyomoyo kwamba nyuki hawakuchagua upande, lakini nakiri kwamba shuleni tulifundishwa vita ile kwa tarehe na majina ya majenerali, na hakuna aliyetusimulia hata mara moja kwa namna ya kututia hamu.

Mahali alipoteleza ni kwenye jina la nchi. Alidai, kama tulivyokuwa tukidai sote utotoni, kwamba Tanganyika ni Tanga pamoja na nyika, na kwa hiyo nchi nzima ilianza kwetu. Mhaya hakuiachia hiyo ipite. Alimwuliza kwa upole kama ziwa lilikuwa likikaa bila jina huku likisubiri Tanga ilitazame, kwa kuwa Waingereza walilichukua jina hilo mwaka 1920 kutokana na Ziwa Tanganyika, na Burton na Speke walilifikia ziwa hilo mwaka 1858 likiwa na jina lake tayari. Kijana akakohoa. Akasema kuna maelezo mbalimbali. Nilijikuta nikimwonea huruma na kumkasirikia mke wangu kwa wakati mmoja, kwa maana hoja ile nilikuwa nimeitumia mimi mwenyewe kwenye posa.

Kutoka hapo tuliingia Ngamiani, na kuanzia Ngamiani shilingi elfu themanini zikaanza kunirudia. Maelezo ya barabara za namba ni mepesi kuliko uongo nilioutunga ndani ya basi: mtaa ulipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, barabara zikapewa namba kwa mfuatano, na namba zikaota mizizi kuliko majina yoyote yaliyokuja baadaye. Ila mwongozaji alitueleza jambo ambalo mwenyeji hulitumia kila siku bila kulisikia. Mtu wa Ngamiani hasemi kwamba anakaa Barabara ya Kumi na Mbili. Husema "nakaa ya kumi na mbili", na mgeni hubaki amekaza shingo akisubiri nomino ambayo haitakuja. Alisema pia kwamba mtu akikuelekeza kwa namba mbili amekutajia kona, na akikuelekeza kwa namba moja na jina la muuza maandazi, basi amekuelekeza vizuri zaidi. Mke wangu alilijaribu jambo hilo mara moja. Alimsimamisha mtoto mwenye sare za madrasa, akamwuliza walipo wauza mbaazi, akajibiwa "ya nane, kwa mama mnene", na kweli kwa mama huyo tulikula mbaazi za nazi na maandazi ya iliki yaliyokuwa bado yanachuruzika mafuta, kwa bei ambayo Dar es Salaam haikununulii hata soda.

Baada ya mbaazi, Phoenix ikapata pancha. Nayataja haya kwa sababu dakika ishirini zilizofuata hazikuwa katika ratiba na zilikuwa bora kuliko boma na mnara wa saa kwa pamoja. Fundi baiskeli alikuwa chini ya mwarobaini, ana beseni la maji meusi, chupa ya gundi iliyokauka mdomoni na debe la vipande vya mipira ya zamani. Alitoa tairi kwa vijiko viwili vya chai vilivyopindwa, akautumbukiza mpira ndani ya beseni na kuuzungusha taratibu mpaka mlolongo wa mapovu ukapanda, akapaweka alama kwa kijiti cha kiberiti, akapasugua kwa msasa, akapapaka gundi. Kisha, kiraka kikiwa kidoleni, akasimama tu, akapunga mkono hewani kama mtu anayemfukuza nzi asiyemchukia. Mke wangu akamwuliza anasubiri nini. "Gundi isipokawia, kiraka hakikawii kutoka, dada," akajibu. Akahesabu moyoni, akabandika, akagonga mara tatu kwa kitako cha nyundo. Shilingi mia tano. Mwongozaji alilipa bila kuambiwa, jambo ninalomhesabia mema.

Fundi ndiye aliyenifichua. Alipokuwa akirudisha tairi aliinua macho, akanitazama, akauliza kama mimi si mtoto wa yule mwalimu wa Makorora mwenye redio kubwa. Sikuweza kukana. Mwongozaji aligeuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, na katika uso wake nikaona akizipitia upya nyuki, Tanganyika na Bombo. "Mgosi," akasema, "yaani muda wote huu?" Kuanzia hapo hakuniita tena bosi, akaniita mgosi, mke wangu akawa shemeji, na lile shairi la mkaguzi halikurudi tena kinywani mwake. Kwa atakayemkodi kijana huyu nashauri asifuate mfano wangu: ajitambulishe mapema, maana mtu huyu anapozungumza na mwenyeji ni mwongozaji mwingine kabisa.

Alitupeleka moja kwa moja kwenye kijiwe cha kahawa ambacho, alisema, huwa hawapeleki wageni kwa sababu wazee wa pale wanakawiza ratiba. Ni baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya vizazi vitatu, ubao wa bao katikati, na muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya jiko dogo la mkaa. Tuliamkia shikamoo zetu kwa mfuatano, tukapewa nafasi. Vikombe vyake ni vile vidogo visivyo na mkono, naye huvisuuza viwili viwili kwa kuvigonganisha ndani ya ndoo, na mlio huo ndio tangazo lake mtaa mzima. Alimimina kutoka juu, kahawa ikashuka kama uzi mweusi bila kurusha tone, akaongeza kipande cha kashata ya karanga pembeni bila kuulizwa.

Hapo mke wangu aliyatoa maswali yake mawili yaliyosalia. Kuhusu Ngamiani, wazee walikubaliana kwamba jina linatokana na ngamia. Walichokibishania ni ngamia wa nani na waliletwa kufanya nini, na ubishi ule ulikuwa na dalili zote za kuanza kabla sijazaliwa. Kuhusu "waja leo waondoka leo", mmoja alisema ni sifa, kwa kuwa mgeni hufika akiapa kwamba anaondoka leo leo, na leo hiyo haifiki. Wa pili alisema ni kijembe kwa wapita njia wa bandarini na wa reli, maana reli ya kwenda Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 na tangu siku hiyo mji haujaacha kupokea watu wenye haraka. Wa tatu, aliyekuwa akiongoza bao, alisema bila kuinua kichwa kwamba kauli hiyo ni ya mapenzi na kwamba waliooa wanne wanajua. Nilimtazama mke wangu nikitarajia kwamba ataona uzito wa utamaduni wetu. Yeye alikuwa akinusa kikombe.

Akafungua mkoba wake, akatoa kikaratasi. Mke wangu hasafiri bila akamwani, zile buni za kwao ambazo huchemshwa pamoja na majani ya viungo, zikakaushwa na kutafunwa nzima nzima, na ambazo kwao mgeni hukaribishwa nazo kabla ya neno lolote la maana. Akawagawia wazee mbili mbili. Wakatafuna. Kimya kilichofuata kilikuwa cha kisomi. Mchezaji bao akasema ni chungu lakini ina adabu. Mke wangu akamwuliza muuza kahawa, kwa ile sauti yake ya upole ya ndani ya basi, kahawa iliyomo ndani ya dele inatoka wapi. Mzee akajifuta mikono, akajibu kwamba ananunua kwa mfanyabiashara wa sokoni, nayo hutoka Bukoba.

Sitaeleza kwa kirefu yaliyotokea barazani baada ya jibu hilo.

Chakula cha mchana tulikula Deep Sea, kwenye soko la samaki, ambako mwongozaji anafahamiana na wakaangaji na hakutoza chochote cha ziada kwa ufahamiano huo. Hapa alitusimulia habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini kuwa alikwisha kutoweka pamoja na madinasaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu miaka ya 2000 amekuwa akinaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanga, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Mke wangu aliuliza kama analika. Akajibiwa kwamba nyama yake ina mafuta mengi na haina ladha. Akasema kwao sato hana historia ndefu hivyo lakini analika, na akaendelea na changu wake wa kukaanga, ambaye hata hivyo alimmaliza mpaka mifupa ikabaki kama kitana.

Alasiri tulikwenda Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo nane kaskazini mwa mji, na nashauri asiyezoea baiskeli apande bajaji kwa sehemu hii. Tulipopita kando ya mkonge, mwongozaji alitupa simulizi yake nzuri kuliko zote. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, ikasafiri tena kwa meli, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo sitini na miwili yalitokea mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani kwa kamba na magunia, na makao ya Bodi ya Mkonge yako mjini Tanga mpaka leo. Kisha akatuambia kwamba mashine ya kuchakata majani ya mkonge huitwa korona na wafanyakazi wa mashambani, na imeitwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2020, alisema, mjomba wake aliyefanya kazi korona maisha yake yote aliisikia redio ikitangaza kwamba watu wajihadhari na korona, akasema amekuwa akisema hivyo tangu alipopoteza kidole.

Mapango yenyewe yana waongozaji wao wenye tochi, na mwongozaji wetu alikaa pembeni kwa heshima. Ni miamba ya chokaa iliyochimbwa na maji kwa muda usiohesabika. Ndani kuna giza, popo, mawe yanayofanana na mambo mbalimbali kulingana na imani ya anayeyatazama, na kona ya mzimu ambako watu huacha vitambaa, ubani na chupa za marashi. Tulionyeshwa pia walikojificha Osale Otango na Paulo Hamisi walipokuwa wakisakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950. Sisi watoto wa Makorora tulilelewa tukiamini kwamba ukiingia Amboni na kutembea bila kuchoka utatokea Mombasa, na wenye imani zaidi walisema Kilimanjaro, kwa ushahidi wa mbwa aliyepotelea humo na kuonekana huko. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyoachana, na lililo refu kuliko yote lina mita 900. Mke wangu alipolisikia hilo aliniuliza kama mbwa yule alipanda basi. Nilijifanya natazama popo.

Nirudi kwenye tathmini. Kasoro ya kuchelewa nimekwisha kuitaja, pamoja na kofia. Kubwa kuliko hizo ni muziki. Huu ni mji ambao vikundi vyake vya Black Star na Lucky Star viliibadili taarabu kwa magitaa ya umeme, ukamlea mwimbaji Shakila, na ulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz katika enzi ambapo redio ya taifa haikuweza kupita siku bila kupiga nyimbo zao. Lakini katika siku nzima ya kuzunguka mji hapakuwa na neno moja juu yake mpaka nilipouliza mwenyewe kijiweni. Mwongozaji, ambaye umri wake haufiki thelathini, alikuwa anafahamu majina tu. Mchezaji bao, kinyume chake, aliacha zamu yake na kuimba beti mbili, akaonyesha kwa kidole upande zilikokuwa kumbi za dansi. Kijana alitoa daftari na kuandika. Sijui kama kituo hicho kimekwisha kuongezwa, ila nilimwona akiandika.

Magofu ya Tongoni, yaliyo kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani, hayamo katika bei hiyo, na nadhani anakosea kuyaacha nje. Pale kuna msikiti wa karne nyingi na makaburi zaidi ya arobaini ya kale, mengine ya nguzo, na kwenye mafungu ya bahari ya upande ule Vasco da Gama aliichoma moja ya meli zake mwaka 1499 kwa kukosa mabaharia wa kutosha kuiendesha. Lahaja ya watu wa kule, Kimtang'ata, ni tamu masikioni, na mgeni aliyefika Tanga bila kuisikia amenyimwa. Nilimweleza hivyo. Alisema wageni wengi hawataki kulala siku ya pili, na kwa mara ya kwanza nikaielewa tafsiri ya yule mzee wa pili kuhusu waja leo.

Kwa atakayekwenda: aende kati ya Juni na Septemba, jua likiwa la wastani, abebe noti ndogo kwa ajili ya kahawa na fundi, avae viatu visivyoteleza kwa sababu sakafu ya mapango ina maji, na amwambie kijana kwamba wameagana saa moja kamili, ili saa moja na nusu aweze kumpata. Zaidi ya yote aombe kijiwe cha kahawa, hata kama hakimo kwenye ratiba. Nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano naiweka pembeni mpaka nisikie kwamba kuna kituo cha taarabu.

Mke wangu, aliyesoma andiko hili kabla sijalituma, amenitaka niseme kwa uwazi zaidi kwamba kahawa inayonywewa Ngamiani ni ya Bukoba. Nimesema.